Mwanao akisema amechoka, usimjibu 'vumilia'

Mzazi wa Mwanhuzi anayempeleka binti yake kusomea uhudumu wa ndege anampeleka kwenye kazi asiyoiona. Ndege za ratiba hazitui Meatu. Anachokiona ni picha inayoingia kwenye simu: sketi iliyonyooka, skafu shingoni, tabasamu, na ngazi ya ndege nyuma yake. Picha inawekwa 'status', majirani wanatuma hongera, na mama sokoni anaulizwa, "Yule wako wa kwenye ndege hajambo?"

Familia moja ya mjini hapa iliuza ng'ombe wanne ili picha hiyo ipatikane. Mama anauza mchele na choroko sokoni, baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Binti yao alimaliza mafunzo, akahangaika mwaka mzima, kisha akaajiriwa na kampuni moja ndogo ya ndege na kupangiwa kituo cha Mwanza. Alikuwa na miaka 25. Siku aliposaini mkataba hakupewa nakala. Aliambiwa ataletewa.

Ratiba ya kazi ilitakiwa kutoka mwezi hadi mwezi. Badala yake ilitoka kila usiku kwenye kundi la WhatsApp, wakati mwingine saa nne. Aliyeiona amechelewa kulala, na asiyeiona alikuwa kwenye hatari ya kukosa gari. Binti aliamka saa tisa usiku, gari likampitia saa kumi, ndege ikaruka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa siku alifanya safari nne, nyingine sita, fupi fupi. Kati ya safari na safari alikuwa na dakika 25 za kushusha abiria, kuokota taka, kukagua mikanda na kupokea abiria wengine. Alikula amesimama. Alirudi chumbani kwake saa mbili usiku, akaoga, akakaa kitandani na simu mkononi kusubiri ratiba ya kesho.

Wahudumu wawili walipoacha kazi, nafasi zao hazikujazwa. Kazi yao iligawanywa kwa waliobaki. Aliyekubali kuingia kazini siku yake ya mapumziko alisifiwa kwenye kundi, na aliyekataa alijikuta na safari za alfajiri wiki nzima. Aliyeumwa alitakiwa kuleta cheti cha daktari siku hiyo hiyo. Meneja wao alikuwa na msemo wake: "Nina barua hamsini za maombi mezani kwangu."

Siku moja, baada ya siku sita mfululizo za namna hiyo, binti alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, akafunga mkanda, ndege ikaanza kusogea. Hapo akagundua hakumbuki kama amefunga mlango wa nyuma. Alijua huwa anaufunga. Alijua mkono wake umeufunga mara mamia. Lakini dakika tano zilizopita zilikuwa zimefutika kichwani. Akachukua simu ya ndani, akamweleza rubani. Ndege ikasimama, mlango ukakaguliwa, ukakutwa umefungwa vizuri. Safari ikachelewa dakika chache.

Rubani alimshukuru. Meneja alimpa barua ya onyo kwa kuchelewesha ndege.

Barua ile ilisomwa na wahudumu wote, na wote walijifunza jambo moja: ukiwa na shaka, nyamaza.

Usiku ule alipiga simu nyumbani. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kazi inaendaje?"

Akaeleza. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno ambalo mzazi yeyote angelisema: "Vumilia, mwanangu. Hakuna kazi isiyo na shida. Unajua tulikotoka."

"Sawa, mama."

Tangu siku ile simu zikawa fupi. Hela ya nyumbani ilitumwa, picha ziliendelea kuja, lakini habari za kazi ziliisha. Mama alidhani mambo yametulia.

Mama hakukosea kwa kukosa mapenzi. Kuvumilia ndiko kulikolea watoto wengi wa Usukumani. Mvua ikikata, pamba inalimwa tena. Bei ikishuka, mtu anasubiri msimu mwingine. Mtoto anayelalamika kidogo na kufanya kazi sana ni sifa kwa wazazi wake. Ila uvumilivu wa shambani hautoshi kuwa kipimo cha kila kazi. Mkulima aliyechoka akilala chini ya mti saa saba mchana, jembe linamsubiri. Mhudumu wa ndege, rubani, dereva wa basi la usiku na nesi wa zamu wamebeba watu wengine. Kwao, kusema "nimechoka" ni sehemu ya kazi.

Mwili una hesabu zake. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, waliwapima watu waliokaa macho muda mrefu na kuwalinganisha na waliokunywa pombe. Baada ya saa 17 bila kulala, utendaji wao ulishuka kufikia kiwango cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Baada ya saa 24 ilikuwa kama asilimia 0.10. Hesabu siku ya binti huyu: kuamka saa tisa usiku hadi saa mbili usiku unaofuata ni saa 17 kamili. Hakuna mzazi atakayekubali mwanawe apande ndege yenye mhudumu aliyekunywa. Aliyekesha hanuki kitu, kwa hiyo hakuna anayemshtukia.

Usingizi ukipungua siku baada ya siku, deni linakua. Kwanza inaondoka kumbukumbu ya mambo ya karibuni, kama mlango ule. Kisha mtu anaanza kukasirika ovyo, kulia bila sababu, kuugua mafua yasiyoisha. Ubongo unaweza kuzima kwa sekunde chache huku macho yakiwa wazi, na mwenyewe asijue. Ndani ya ndege sekunde ni nyingi. Ndege kubwa za abiria hupewa cheti baada ya kuonyesha kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu tu ya milango, na anayewatoa ni mhudumu.

Madhara hayaishii kazini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi kubwa kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kubwa kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40.

Kuna familia za Marekani zilizolipa gharama ya jambo hili. Usiku wa Februari 12, 2009, ndege ya kampuni ndogo ya Colgan Air, iliyokuwa ikibeba abiria kwa jina la kampuni kubwa ya Continental, ilianguka karibu na mji wa Buffalo. Walikufa watu 50: wote 49 waliokuwemo, na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Rubani msaidizi alikuwa na miaka 24. Aliishi upande wa pili wa nchi, Seattle, na usiku wa kuamkia siku ile alisafiri kwa ndege za mizigo kwenda kuanza kazi. Alikuwa na mafua. Nahodha naye alilala kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani.

Wachunguzi walisema sababu kuu ni nahodha kuitikia vibaya onyo la ndege iliyokuwa ikipoteza mwendo. Walisema pia kwamba uchovu huenda uliwapunguzia marubani uwezo, ingawa kiwango chake hakikuweza kupimwa. Hivyo ndivyo uchovu ulivyo. Haubaki kwenye mabaki ya ndege kama chuma kilichovunjika.

Wazazi, wajane na ndugu wa waliokufa hawakukaa nyumbani. Walikwenda Washington mara nyingi, wakiwa na picha za watu wao, hadi sheria ikapitishwa mwaka 2010. Tangu Januari 2014 marubani wa ndege za abiria za huko wanapaswa kupata angalau saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, ndani yake ziwemo saa 8 za nafasi ya kulala. Wahudumu wa ndani walisubiri hadi 2022 kupata kanuni ya saa 10 kama hizo.

Kwa nini wafanyakazi wa kampuni ndogo hawasemi mapema? Kwa sababu wanajua kampuni hizi zilivyo nyepesi. Watanzania wanakumbuka Fastjet, iliyoanza safari zake nchini mwishoni mwa 2012 kwa nauli iliyowafanya wengi wapande ndege kwa mara ya kwanza. Desemba 2018 ilisimamisha safari, huku mamlaka ikitaja madeni. Mfanyakazi aliyeona hayo anaogopa kuongea asije akaambiwa ndiye anayeizamisha kampuni. Meneja naye anajua hofu hiyo na kuitumia. Hapo ndipo uongozi mbovu unapogeuka suala la afya: kampuni inaanza kuendeshwa na watu waliochoka ambao kila asubuhi wanasema wako sawa.

Sheria ya Tanzania haimruhusu mwajiri kufanya atakavyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Hata kwa makubaliano ya saa za ziada, siku moja isizidi saa 12, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, na saa 24 mfululizo kila wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28. Wafanyakazi wa angani wana pia kanuni zao za saa za kuruka na kupumzika chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Mwenye mgogoro na mwajiri anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA: ndani ya siku 30 kama ameachishwa kazi, ndani ya siku 60 kwa migogoro mingine. Siku hizo zinapita haraka kwa mtu anayeambiwa avumilie.

Aliyegundua kwamba binti wa Mwanhuzi hayuko sawa ni baba. Katika simu moja alimuuliza jana alikula nini. Binti akanyamaza, akajaribu kukumbuka, akaanza kulia. Mwalimu yule hakuuliza kuhusu mshahara wala kuhusu ng'ombe. Alisema, "Njoo nyumbani ulale, mama. Mengine tutaongea ukishaamka."

Aliomba siku saba bila malipo, akapanda basi. Siku mbili za kwanza alilala, akaamka kula, akalala tena. Majirani walianza kusema amefukuzwa. Mama aliwajibu kwamba mwanawe amekuja kupumzika, basi. Siku ya tatu mama na binti walichambua choroko pamoja, na hapo ndipo mama aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba mlango haukuwa jambo la siku moja.

Alirudi Mwanza na daftari. Akaanza kuandika saa ya kuamka, saa ya kuanza kazi na saa ya kumaliza, kila siku. Aliomba nakala ya mkataba kwa barua, akabaki na nakala ya barua yenyewe. Baada ya mwezi, yeye na wenzake watatu waliandika kwa pamoja kuomba ratiba itoke wiki moja kabla na saa za mapumziko ziheshimiwe, wakaambatanisha hesabu za madaftari yao. Ratiba sasa inatoka Ijumaa kwa wiki nzima. Mhudumu mmoja ameajiriwa. Likizo bado zinaahirishwa, na barua ya onyo bado imo kwenye faili lake. Anatafuta kazi kwingine, bila haraka, na nyumbani wanajua.

Mzazi hawezi kupanga ratiba ya kampuni. Anaweza kubadilisha maswali anayouliza. Badala ya "Umetuma?" au "Bosi anakupenda?", uliza: Jana umelala saa ngapi? Siku yako ya mapumziko ni ipi wiki hii? Umekula saa ngapi? Mkataba unao mkononi? Ukisema umechoka, huwa wanakujibuje?

Ukisikia kijana anasahau mambo ya jana, anakasirika kwa jambo dogo, au kila siku anasema "niko sawa tu" kwa sauti ile ile, usikate simu kwanza. Kama hali haibadiliki baada ya kulala vizuri siku kadhaa, aonane na daktari, na amwambie daktari saa zake za kazi, kwa sababu dawa ya kichwa haiponyi ratiba.

Na kabla ya kusema "vumilia", muulize anavumilia nini, na kwa saa ngapi. Huenda kazini hakuna mtu hata mmoja anayeweza kumwambia ukweli, na wewe ndiye umebaki.