Taa tatu za remorki yetu huko Kasenga

 Wengi wametuuliza kwa nini remorki yetu sasa ina taa ndogo ndogo, na ile taa kubwa tuliyoinunua kwa shangwe iko wapi. Tunajibu hapa, maana feza ilitoka katika sanduku la wote.

Munajua remorki yenyewe: ni ile ndogo ya matairi mawili, yenye bati juu na mulango nyuma, tunayofunga kwenye gari tukienda kununua samaki Kasenga. Kutoka Lubumbashi ni kilomita zaidi ya 200, na vumbi jekundu linatungojea tukikaribia muto. Tunafika jua likishuka. Luapula ni pana pale, na ngambo ni Zambia. Unaona moto wa wapishi wa kule kama vile ni jirani zako. Tunanunua pale na makobo kwa wavuvi wa jioni, na usiku uleule tunawapasua na kuwatia chumvi, kwa sababu samaki bila barafu hangoji asubuhi. Wanne wanalala ndani ya remorki, wengine chini ya turubai.

Zamani tulifanya kazi hiyo na toshi kinywani. Mwaka jana kisu kilimukata mwenzetu kidole mpaka mufupa ukaonekana, na kutoka siku ile tukasema: taa kwanza, mambo mengine nyuma.

Tulikimbilia kubwa. LED ya wati 50, nyeupe kabisa, tukaifunga juu ya mulango wa remorki. Ilipowaka tulipiga vigelegele, na watoto wa kijiji wakaja kucheza. Nusu saa haikupita, wadudu wa muto wakatushukia kama mvua. Waliingia ndani ya beseni za samaki, ndani ya bukari, ndani ya masikio. Halafu batri. Batri yetu ni ya volti 12 na ampere-saa 20, maana yake wati-saa 240 kwa hesabu, lakini batri ya risasi na asidi ukiimaliza zaidi ya nusu unaiua pole pole. Zinabaki 120. Gawanya kwa 50: hazifiki saa mbili na nusu. Sisi hatukujua hesabu hiyo, tukaiacha taa iwake mpaka ilipojizima yenyewe katikati ya kazi.

Lakini lililotuumiza ni lingine. Taa ilikuwa inatupiga machoni, na nje ya duara lake tuliona giza tupu kama ukuta. Wanaume walikuwa wakipita na kutusalimu, tukasikia sauti tu. Mama wetu mumoja muzee alisema, «Kila mutu anatuona, na sisi hatumuoni mutu.» Tulicheka. Asubuhi beseni mbili hazikuwepo. Moja ilikuwa ya mama mujane aliyekopa feza ya safari, na tulirudi njia nzima bila kuimba.

Basi tulipokwenda kutafuta taa zingine, tulikwenda na fundi wa umeme, na hatukuuliza tena ipi ni kubwa. Tuliuliza: mikono itafanya kazi wapi, na miguu itapita wapi?

Kwa mikono tulichukua utepe wa LED wa wati 6. Tuliubandika chini ya ukingo wa bati, ukitazama chini, na fundi akauwekea kipande cha bati mbele ili usitupige machoni. Kwa miguu, ampuli mbili za wati 3: moja kwenye ngazi ya mulango, moja upande wa njia ya choo. Zote pamoja ni wati 12, na batri ileile inazibeba saa kumi bila kupita nusu. Usiku muzima!

Rangi ndiyo tuliyobishana sana. Vijana wetu walipenda nyeupe. Lakini wadudu wanavutwa zaidi na mwanga ulio karibu na buluu, na kwenye katoni unasoma namba: 6500K ni ile nyeupe ya baridi, 3000K au 2700K ni ya manjano kama moto wa makala. Tulichukua 3000K. Wadudu bado wanakuja, tusidanganyane, lakini sasa bukari inalika.

Muangalie pia kama imeandikwa 12V. Ile ya 220 inahitaji konvertisere, na konvertisere yenyewe inakula batri. Kisha mutafute IP65: 6 ni kwamba vumbi haliingii, 5 ni kwamba inavumilia maji ya kurushwa. Na fundi aweke fuzi karibu na batri, kwani waya zikigusana, remorki yenye wamama wanne ndani inaweza kuwaka.

Mwezi huu tulikwenda nazo mara ya kwanza. Macho yalipozoea, tuliona muto wenyewe ukipita, mitumbwi imefungwa kwenye matete, na nyota mpaka chini ndani ya maji. Tuliona pia mutu aliyesimama mbali kidogo na turubai. Mama muzee alimuita, «Baba, karibu, unatafuta nani?» Akajibu kwamba anapita tu, akaondoka kweli. Beseni zote tulizihesabu asubuhi: kumi na moja, kama jana yake.

Taa kubwa tuliiuza kwa mwenye duka la mataa, kwa bei ya chini kuliko tuliyonunulia. Feza yake tulimupa mama mujane, bado kidogo deni lake liishe. Safari inayokuja ni siku ya posho. Batri iletwe kuchajiwa siku ya tano asubuhi, na anayekuja alete sweta, kando ya muto ni baridi sana wakati huu.