Ulezi Unataka Malezi

Nilipoanza kusoma Kiswahili nilifurahi kugundua kwamba neno "ulezi" lina maana mbili. Moja ni kazi ya kumlea mtoto. Nyingine ni ile nafaka ndogo nyekundu ambayo wengi nchini Kenya huiita wimbi, na ambayo kwetu Teso, mashariki mwa Uganda, ndiyo chakula chenyewe. Huenda ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Lakini mtu aliyewahi kupalilia shamba la ulezi hawezi kuyatenganisha kirahisi.

Kwetu mbegu hutawanywa kwa mkono mvua za kwanza za mwaka zinapokaribia, baada ya ng'ombe kulima. Wiki chache baadaye shamba lote huwa kijani, na hapo taabu huanza. Ulezi ni nyasi, na magugu yanayoota kati yake ni nyasi pia, tena ni ndugu zake. Lipo lile linaloota kando ya kila njia, ambalo wataalamu huliita Eleusine indica. Shina lake limebapa, na karibu na mizizi ni jeupe. Hilo hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Upo pia ulezi mwitu, ambao unatokana na ukoo ule ule uliozaa ulezi wetu. Huo ukiwa mchanga, unafanana na ulezi kama pacha. Tofauti huonekana wazi masuke yakishatoka: vidole vyake ni vyembamba, na punje zikikomaa hupukutika zenyewe.

Jambo lote limo katika huko kupukutika. Nyasi ya mwitu lazima iangushe mbegu zake ili ipate kuota tena. Ulezi wa shambani umeacha tabia hiyo; hushikilia punje zake mpaka mtu aje na kisu. Maelfu ya miaka iliyopita, watu wa nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia walivuna masuke yaliyobaki na punje, wakazipanda hizo, na watoto wao wakafanya vivyo hivyo. Baadaye ulezi ulivuka bahari hadi India, ambako huitwa ragi. Umleavyo ndivyo akuavyo, wasemavyo Waswahili.

Malezi hayo hayana siku ya kumalizika. Ulezi na ulezi mwitu, kila mmoja una kromosomu 36, kwa hiyo huweza kuchavushana na kuzaa machotara. Yakiachwa misimu kadhaa, shamba hujaa mimea yenye sura ya ulezi ambayo humwaga punje chini kabla ya mavuno. Nafaka nyingine ndogo, iitwayo proso, iliwatenda hivyo wakulima wa Marekani. Imelimwa tangu kale huko Asia na Ulaya, na wahamiaji wakaipeleka Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1970, katika majimbo ya Wisconsin na Minnesota, ilitambuliwa kama gugu: mbegu zake zilikuwa nyeusi, zilipukutika mapema, na zilikaa udongoni kwa miaka zikingoja kuota. Gugu hilo lilitoka katika ukoo wa chakula.

Bibi yangu hajasoma habari za proso, lakini anaijua hatari hiyo. Kabla mtu yeyote hajaingia shambani kuvuna, yeye hupita peke yake akichagua masuke yaliyojikunja kama ngumi. Huyafunga mafungu na kuyaning'iniza juu ya meko, moshi uyalinde na wadudu. Hiyo ndiyo mbegu ya mwaka unaofuata.

Mwaka jana baba mdogo alitoa shauri kwamba ekari yote ya ulezi ipandwe mihogo. Hoja yake ilikuwa nzito. Ulezi hupaliliwa mara mbili, wajukuu tuko masomoni, na vibarua wengi hung'oa ulezi na kuacha gugu.

"Mama, mikono iko wapi?" aliuliza.

"Mihogo itatushibisha," Bibi akajibu, "lakini wageni nitawapikia nini? Na ajon ya sherehe itatoka wapi?"

Mimi niliona kwamba wote wawili wana haki, na kwamba kitakachopotea si chakula peke yake. Mbegu ile haiuzwi dukani. Ikikosa kupandwa misimu michache, itakufa pale juu ya meko, pamoja na kazi ya wote walioichagua kabla yetu.

Nilipendekeza tupande nusu ekari tu, na tupande kwa mistari. Katika mistari, chochote kinachoota katikati ni gugu, na hata kibarua mgeni hawezi kukosea. Nusu nyingine ipandwe karanga, kisha tubadilishane msimu ujao. Ndani ya karanga kila nyasi ni adui, hakuna wa kumchunguza. Tulifunga kamba kwenye vijiti tukachora mistari. Palizi haikuchukua hata nusu ya siku tulizozoea.

Lakini ndani ya mstari wenyewe, kamba haisaidii. Hapo nilikaa chini karibu na Bibi, naye akanionyesha jinsi ya kufungua majani kwa vidole viwili na kutazama shina kabla ya kung'oa. Ule ulezi mwitu hata yeye huuacha mpaka masuke yachomoze, kisha huung'oa kabla punje hazijakomaa. Kazi ile haina haraka.

Mwaka huu mafungu matatu yananing'inia jikoni. Moja nililichagua mimi. Bibi alilipitia suke kwa suke, akalifunga kwa kamba, na baba mdogo ndiye aliyepigilia msumari wa kulitundika.