Sifa ya Malinois si Ukali

Mbwa wa ulinzi si pambo la ua, wala si silaha ya kumtishia jirani. Neno hili lafaa kukumbukwa Kagugu, katika kata ya Kinyinya mjini Kigali, ambako nyumba mpya zimejengwa kwa wingi na kila mwenye lango hufikiria namna ya kulilinda. Miongoni mwa mbwa wanaotamaniwa, hasa na jamaa za askari ambao wamemwona akiwa kazini, ni yule aitwaye Malinois.

Askari polisi mmoja wa mtaa huo alipomweleza mkewe nia ya kuleta mtoto wa mbwa huyo nyumbani, mke hakuuliza bei. Alisema tu, "Baba watoto, mbwa mimi nawajua." Mume alinyamaza, kwani alielewa. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kuanzia Aprili hadi Julai 1994, maiti zilitelekezwa mabarabarani na vichakani, na mbwa wakazila. Askari waliwapiga risasi mbwa hao, na kwa muda mrefu baadaye ilikuwa nadra kusikia mbwa akibweka Kigali. Mtu aliyeyaona hayo hana sababu ya kuchekwa kwa hofu yake.

Hofu hiyo haiondolewi kwa maneno matupu, bali yafaa kwanza ijulikane mbwa huyu ni nani. Mfugaji wa Rwanda huchunga ng'ombe kwa fimbo na sauti. Mbwa wake wa jadi alikuwa wa kuwindia. Ubelgiji, nchi iliyoitawala Rwanda hadi uhuru wa Julai 1, 1962, mbwa alikuwa msaidizi wa mchungaji wa kondoo. Wachungaji hao hawakujali sura. Walizalisha mbwa aliyeweza kazi.

Novemba 15, 1891, Profesa Adolphe Reul wa chuo cha matibabu ya mifugo cha Cureghem, karibu na Brussels, aliwakusanya mbwa 117 wa wachungaji akawachunguza. Aligundua kwamba manyoya yao yalitofautiana, lakini maumbile yao yalikuwa mamoja. Mwaka 1892 vikaandikwa vigezo vya kwanza vya mbegu hiyo. Leo ina aina nne: Groenendael, Tervueren, Laekenois na Malinois, ambaye jina lake latokana na mji wa Malines, au Mechelen. Mwaka 1899 mji wa Ghent, huko huko Ubelgiji, ulianza kuwatumia mbwa katika doria za polisi usiku, na tangu hapo kazi ya mbwa wa kuchunga ikahamia pia mikononi mwa askari.

Vigezo vya leo vyasema kwamba kimo cha dume begani ni kiasi cha sentimita 62, na jike 58. Dume huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30, jike kilo 20 hadi 25. Kiwiliwili chake ni cha mraba, yaani urefu wake hukaribia kimo chake. Masikio husimama wima. Manyoya ni mafupi, ya rangi ya kahawia nyepesi, ncha zake nyeusi kana kwamba yamepitishiwa makaa, na uso wake ni mweusi.

Lakini lililo kubwa kuliko vipimo hivyo ni tabia. Kwa mujibu wa vigezo hivyo hivyo, mbwa mwenye ukali wa ovyo, au mwenye woga uliopita kiasi, hafai na huondolewa katika mashindano hata kama umbo lake halina kasoro. Mbwa wa polisi aliyefunzwa vyema hushika anapoamriwa na huachia anapoamriwa. Anayemrukia kila mpita njia hajafuzu; ameharibika.

Uharibifu huo mara nyingi hutoka kwa mwenye mbwa. Umleavyo ndivyo akuavyo. Malinois alizalishwa kwa kazi ya kutwa nzima. Akifungwa mnyororo nyuma ya nyumba, akapigwa na kunyimwa mazoezi, nguvu zake hugeuka kuwa hasira. Kwa hiyo kabla ya kununua, mtazame mama wa watoto hao: je, ni mtulivu mbele ya mgeni? Mtoto wa mbwa azoeshwe mapema watu, watoto na kelele za mtaa. Apewe chanjo ya kichaa cha mbwa afikapo umri wa miezi mitatu, na irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoagiza. Atembezwe kila siku akiwa na kamba, na lango lifungwe barabara. Asiye na nafasi ya kufanya hayo, heri asimlete kabisa.

Aidha, uamuzi huu si wa baba peke yake. Mama na watoto wana haki ya kusema hapana, na jirani ana haki ya kupita njia bila kutetemeka. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hizo, mbwa hulinda nyumba vizuri pale tu ambapo wanaoishi ndani na wanaopita nje wote wanaweza kumwamini.