Misukule wa Kichina

Jina lake halisi ni Mr. Vampire, picha ya Hong Kong ya mwaka 1985, na jina hilo nililijua nikiwa tayari nina watoto. Sisi Mikumi tuliiita Misukule wa Kichina. Niliiona mara ya kwanza mwaka 1991, nina miaka 11, nimebana shilingi ishirini kiganjani mpaka zimelowa jasho.

Kibanda cha video kilikuwa nyuma ya maduka ya barabara kuu, jirani na mahali yalipolala malori yaendayo Zambia. Kuta zilikuwa za mabanzi, ndani zimezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie na wasiolipa wasichungulie. Wakubwa walikaa kwenye mabenchi, watoto chini, mbele kabisa, shingo zimeinuka kama vifaranga. Televisheni moja, deki moja, na jenereta ikinguruma nje. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja mpaka mwaka 1994, kwa hiyo kazi ya kioo kile ilikuwa mikanda tu, na mikanda yenyewe ilishushwa na matingo kutoka Dar es Salaam, nakala ya nakala. Rangi zilikuwa zimechuja. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha yalikuwa yamekatwa, vimebaki vichwa vya herufi.

Ndiyo maana alihitajika mfasiri. Dar es Salaam alikuwepo Lufufu, ambaye jina lake halisi ni Derek Gaspar Mukandala, na tafsiri zake zilifika mpaka kurekodiwa kwenye mikanda na kuuzwa. Sisi tulikuwa na wetu, tukimwita Anko. Alikuwa utingo kabla ya kuacha safari, na kazi ya kufasiri aliiona kwenye vibanda vya mjini wakati lori lake likisubiri mzigo. Alisimama pembeni ya televisheni, kidole kwenye kitufe cha sauti. Akitaka kusema, aliwanyamazisha Wachina. Ngumi zikianza, aliwapandishia. Kichina hakukijua, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuulizia spea Tunduma. Lakini mkanda ukifika, Anko alijifungia nao mchana, peke yake, akautazama mara tatu au nne kabla hajauonyesha kwa mtu. Sisi tulidhani anafasiri. Kumbe alikuwa anasoma nyuso, anasoma mikono, anapima nani anamwogopa nani, halafu anatunga.

Picha inaanza na wafu wamepangwa mstari, wamevaa majoho na kofia za maofisa wa zamani wa China, kila mmoja amebandikwa karatasi ya njano kwenye paji la uso. Anakuja mtaalamu mwenye miwani, anagonga kengele, na wafu wanaanza kuruka, miguu pamoja, mikono imenyooka mbele. Watoto tulicheka mpaka tukaegemeana. Anko akapunguza sauti.

"Hawa ni manamba," akasema. "Wamefia mashambani, ugenini. Huyu mwenye miwani kapewa kazi ya kuwarudisha kwao wakazikwe. Gari hakuna. Watarudi kwa miguu."

Nyuma, kwenye mabenchi, kicheko kikakatika. Nilikuwa mdogo, sikuelewa kwa nini. Leo naelewa. Wilaya yetu ya Kilosa ilijaa mashamba ya mkonge, na watu wengi waliletwa kuyafanyia kazi kutoka Ukinga, Songea na kwingineko, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Wengine hawakurudi. Kibandani mle walikuwemo wajukuu wao. Na barabara yetu ile ile ilipitisha mara kwa mara gari lenye jeneza likipandisha kwenda Iringa, Njombe, Mbeya, ndugu wamejifunika khanga nyuma, wanasimama Mikumi kununua maji na kuendelea. Kumrudisha mtu akazikwe kwao hakuhitaji kufasiriwa.

Baadaye sana ndipo nilisoma chimbuko la wafu wale. Katika nchi ya milima ya Xiangxi, mkoa wa Hunan, kulikuwa na masimulizi ya wataalamu waliowaongoza wafu waliofia mbali wakarudi kuzikwa nyumbani, usiku, kwa kengele. Maelezo mojawapo ya kule kuruka ni kwamba maiti walifungwa wima kwenye mianzi mirefu iliyobebwa mabegani, na mianzi ikipinda kwa uzito, kwa mbali ungeapa wanarukaruka. Nilipolisoma hilo nilikiweka kitabu chini. Anko alikuwa amelipata bila kuelewa neno hata moja.

Stelingi wa picha ni mwalimu mwenye nyusi nene zilizoungana. Anko alimwita Mganga Nyusi, na karatasi za njano aliziita hirizi, maana nasi tunazo karatasi zetu zenye maandishi ya kufukuza vitu. Aliyecheza nafasi hiyo ni Lam Ching-ying, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi na Bruce Lee katika picha za ngumi. Mwongozaji alikuwa Ricky Lau, na hiyo ndiyo picha yake ya kwanza kuongoza. Mtayarishaji, Sammo Hung. Lam alifariki mwaka 1997, akiwa na miaka 44. Habari hiyo haikufika Mikumi. Sisi tuliendelea kumngoja katika kila mkanda uliokuja, na tukimwona tulipiga makofi kabla hajafanya lolote.

Kuna mahali mwanafunzi wa Mganga Nyusi anaparurwa na mfu, na dawa yake ni mchele wa kunata: anatakiwa acheze juu yake bila kusimama, sumu itoke. Mwenzake anatumwa dukani. Mwenye duka anamchanganyia mchele wa kunata na wa kawaida, na mgonjwa anazidi kuharibika. Anko alisema hivi: "Kaomba mchele wa Kyela, kapewa mchanganyiko!" Kibanda kililipuka. Sisi ni watu wa jirani na mpunga wa Kilombero. Kila aliyekuwa mle ndani aliwahi kuchanganyiwa mchele. Mama mmoja muuza vitumbua alisimama akamtolea maneno yule mwenye duka kwenye kioo, akamwonyesha kidole, na Anko, kwa heshima, akasimamisha mkanda mpaka alipomaliza. Picha hii ni ya dakika 96. Mikumi ilikuwa ya saa mbili na zaidi.

Halafu pumzi. Wafu wale hawaoni. Wanamfuata mtu kwa pumzi yake, na ukiizuia, mfu anasimama mbele yako pua kwa pua asijue upo. Jambo hilo likianza, Anko aliinua mkono juu na kufumba mdomo. Sauti ya televisheni aliizima kabisa. Na sisi sote, watoto chini, madereva na wauza mkaa nyuma, tulibana pumzi. Watu wengi gizani, hakuna anayepumua, mfu anageuza shingo taratibu kwenye kioo, jenereta peke yake inasikika nje. Mwenye pafu dogo alishindwa kwanza, akaachia kwa mlio, na kicheko kikaangusha mabanzi. Sijawahi kukaa mahali pengine ambapo hofu na kicheko vilitoka kifuani kwa pamoja namna ile.

Kurudi nyumbani usiku ilikuwa mtihani. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko jirani, na tembo tuliwajua tangu utotoni. Tulifundishwa usikimbie, usipige kelele. Usiku ule tembo hawakututisha. Ilitutisha ile mikumi, miti mirefu jamii ya mitende iliyoupa mji jina, imesimama wima kwenye mbalamwezi kama watu waliofika na kusubiri. Tulipita chini yake tumebana pumzi, tumeshikana mashati.

Kibanda kilikufa taratibu. Zilikuja televisheni za majumbani, zikaja diski, zikaja simu. Mimi nilihamia Morogoro kikazi.

Mwaka 2020 kampuni ya Eureka ya Uingereza ilitoa Mr. Vampire upya kwenye diski, imesafishwa, na mpwa wangu anayeishi huko, aliyechoshwa na hadithi zangu za misukule, akaniletea moja alipokuja likizo. Niliitazama usiku, watoto wamelala. Nilistaajabu. Nyekundu zilikuwa nyekundu. Niliona nyuzi za mapambo kwenye majoho ya wafu. Maandishi yalikuwa kamili, na kwa mara ya kwanza nilijua wanasema nini: wanataniana, wanadaiana, wanazungumza habari za kahawa ya Kizungu na namna ya kuinywa. Ni picha nzuri, imetengenezwa kwa ufundi mkubwa, naipenda zaidi kuliko zamani. Ila nilitazama nusu saa nzima nikihisi kama nimeingia msibani nikakuta mtu niliyemfuata hayupo. Kila baada ya muda sikio langu lilisogea upande wa kushoto wa kioo, pale alipokuwa anasimama. Wachina wameokolewa, mpaka nyuzi za nguo zao. Sauti ya Anko haikurekodiwa popote.

Wiki iliyofuata nilipanda basi kwenda Mikumi, diski na deki kwenye begi.

Nilimkuta Anko ameketi kibarazani kwake, mvi tupu, mguu mmoja unamsumbua.

"Shikamoo, Anko."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

Nikamtajia baba. Akacheka, akasema nilikuwa wa kwanza kuachia pumzi siku zote, na ni kweli.

Tulifungua diski sebuleni kwake, wajukuu wakajaa mlangoni. Kwa muda mrefu hakusema kitu. Mimi nilimsomea maandishi kwa sauti ya chini. Mahali fulani akanikatiza: "Kumbe ni mwanafunzi wake? Mimi nilisema mpwa." Baadaye tena: "Hapo anasema hivyo tu? Mimi niliweka maneno mengi." Hakuona haya, alikuwa anakagua kazi. Ilipofika kwa mwenye duka la mchele aliinama mbele akaniuliza maandishi yanasemaje, nikamsomea, naye akatikisa kichwa mara mbili, polepole, kama mtu aliyerudishiwa mtihani akakuta amepata.

Nilitoa simu, nikaiweka mezani, nikamwomba ruhusa nirekodi. Akaitazama ile simu, akawatazama wajukuu. Akavuta kiti mpaka upande wa kushoto wa televisheni.

"Rudisha mwanzo," akasema. "Hao wa manamba leo sijawasema. Na punguza sauti ya Wachina."