Mwendo wa Kirangozi

Neno mwendo limebeba mizigo mingi katika lugha yetu. Ni kasi ya mguu, ni umbali wa njia, na likirefushwa kidogo likawa mwenendo, ni tabia ya mtu. Mzee akikuambia kwamba kijiji fulani ni mwendo wa siku mbili, hakupima kwa kamba wala kwa jiwe la barabara. Amepima kwa nguvu za mwanadamu wa kawaida aliyebeba chakula chake. Nimelifundisha neno hili kwa miaka mingi, nikilipanga ubaoni pamoja na jamaa zake, enda, endea, endesha, endelea. Mwaka huu nilipata sababu ya kulifundisha tena, safari hii kwa miguu yangu mwenyewe.

Msomaji asiyejua mbio ndefu anivumilie kwa hesabu chache. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Atakaye kuimaliza kwa saa nne hana budi kukimbia kila kilomita kwa dakika 5 na sekunde 41, si moja wala mbili, bali zote. Akichelewa sekunde kumi tu katika kila kilomita, mwishoni amepoteza dakika saba. Basi saa nne si saa nne. Ni ahadi ndogo 42 zinazofuatana, na ile ya mwisho hutolewa na mtu ambaye siye aliyetoa ile ya kwanza, maana wakati huo amekwisha kuchoka.

Mazoezi mengi ya mbio hizi hufanywa polepole, kwa mwendo wa mtu awezaye kuzungumza na mwenziwe. Walakini walimu wengi wa mbio huagiza kwamba mara moja au mbili, majuma machache kabla ya mashindano, mwanafunzi akimbie masafa marefu kwa mwendo ule ule wa siku yenyewe. Zoezi hilo ni kama kujaribu vazi la harusi kabla ya harusi. Ikiwa linabana, ni heri libane nyumbani.

Mwenzangu mmoja wa idara, aliyekimbia tangu ujana wake, hapendezwi na zoezi hili. "Ndugu yangu," aliniambia, "ng'ombe wa mnada hapimwi uzito kwa kuchinjwa." Maana yake ni kwamba anayekimbia kilomita 30 kwa mwendo wa mashindano hutumia leo nguvu alizopaswa kuziweka kwa kesho. Hoja yake ina uzito. Misuli na ini huweka akiba ya sukari ambayo, kwa watu wengi, hukaribia kwisha baada ya kilomita 30 hivi. Na mtu kadiri anavyokaza mwendo ndivyo anavyokula sukari hiyo zaidi na kuyaacha mafuta ya mwili. Kwa hiyo mwendo ni bajeti. Mimi nilikataa shauri lake kwa sababu moja tu: nilitaka kujua. Nina miaka 46. Baba yangu alikatwa mguu kwa maradhi ya kisukari alipokuwa na umri ambao sasa naukaribia, na tangu siku ile hesabu ya miguu haijawa mchezo nyumbani kwetu. Nilipoandikisha jina langu kwa mbio za Kilimanjaro, zinazokimbiwa Moshi tangu mwaka 2003, niliweka saa nne mbele yangu kama mtu awekavyo jambo analotaka kuulizwa.

Tabora hapakosi mahali pa kulitafakari swali hili. Mji wetu ulikua kutokana na Kazeh, kituo ambapo njia ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika, moja ikaelekea magharibi hadi Ujiji, na nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Burton alikadiria njia hiyo kuwa maili 600 au zaidi. Ukigawa, hupati hata maili tano kwa siku. Katika hesabu hiyo mna siku za homa, siku za mvua, siku za kujadiliana hongo na wenye nchi, na siku za wapagazi kukataa kuondoka. Lakini msomaji wa haraka huona maili tano tu, na baadhi ya wasafiri wa Kizungu wa karne ile waliona hivyo hivyo. Waliandika kwamba mpagazi ni mvivu, kwani hutua mzigo kabla ya adhuhuri na hataki kuunyanyua tena.

Mzigo wenyewe ulikuwaje? Frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16, na mpagazi aliweza kuchukua frasila mbili. Juu ya hizo aliongeza mkeka wake, sufuria yake, chakula chake na silaha yake. Msafara uliamka gizani, ukaondoka alfajiri, ukatembea saa nne au tano, ukatua jua lilipoanza kuchoma. Mtu aliyefanya hivyo leo alitakiwa kuwa na uwezo wa kufanya hivyo kesho, na kesho kutwa, hata miezi mitatu. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kiitwacho Carriers of Culture, ameonyesha kwamba wengi wa wapagazi wa njia hii walikuwa watu huru waliofanya kazi ya ujira, wenye ujuzi wao, desturi zao na fahari yao. Kwa Wanyamwezi, kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Nionavyo mimi, kutua mzigo kabla ya adhuhuri hakukuwa uvivu hata kidogo. Ilikuwa elimu ya mwendo, na walioikejeli waliikejeli wakiwa wamepanda punda au wamechukuliwa kwa machela.

Elimu hiyo ilikuwa na mwalimu wake, naye ni kirangozi. Alitangulia mbele ya msafara, amejipamba kichwani, amechukua mzigo mwepesi kuliko wengine, na watu wote walifuata hatua yake. Burton ameeleza sheria moja ambayo huwa nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka: mpagazi aliyempita kirangozi njiani alitozwa faini. Mshale ulichomolewa katika podo lake ili uwe ushahidi juu yake jioni, kambini. Tazama hekima hiyo. Hatuoni mshale ukichomolewa kwa aliyebaki nyuma. Aliyebaki nyuma adhabu yake anayo mwilini. Aliyeadhibiwa ni yule mwenye nguvu nyingi asubuhi.

Palikuwa na mwendo mwingine pia, uliotumiwa kwa nadra. Ilipotokea kwamba maji yapo mbali kupita mwendo wa siku moja, kama katika pori la Mgunda Mkali baina ya Ugogo na Unyamwezi, msafara uliondoka mchana, ukatembea hata usiku, ukalala pasipo maji, kisha ukaamka mapema na kuyafikia maji asubuhi. Wasafiri waliliandika jina la mwendo huo tirikeza au terekeza. Wanafunzi wangu wakilisikia hucheka, kwa kuwa kwao kutelekeza ni kumwacha mke na watoto. Mimi huwaambia kwamba safari hiyo ilifanywa na watu waliojua hasa wanachokiacha nyuma na saa ngapi watakipata kilicho mbele. Zoezi la kilomita 30 kwa mwendo wa mashindano ni telekeza ya namna yake. Halifanywi kila juma.

Nililifanya Jumamosi ya kwanza ya Februari, majuma matatu kabla ya Moshi. Niliondoka mjini saa 12 kasorobo robo, kungali giza. Taifa zima hutumia saa moja, na kwa hiyo jua la Tabora huchelewa kuliko la Dar es Salaam karibu nusu saa. Ni zawadi ambayo wakimbiaji wa huku hawaishukuru vya kutosha. Mvua ya juzi yake ilikuwa imeshindilia mchanga, nao ukawa mgumu kama sakafu. Nilishika njia ya Kwihara, kusini magharibi ya mji, ambako ipo nyumba waliyokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, na ambayo sasa ni makumbusho. Stanley aliondoka hapo Machi. Livingstone alibaki hadi Agosti akingojea wapagazi kutoka pwani, kwa maana pasipo wao hapakuwa na safari, hata kwa mtu mashuhuri kama yeye.

Kilomita kumi za kwanza za mwendo huu zina fitina. Mwili unasema kwamba huu si mwendo, ni matembezi. Miembe inapita, jogoo wanawika, na saa ya mkononi inasoma 5:30 pale unapotaka 5:41. Kazi yote ya saa ya kwanza ni kujizuia. Nilijizuia kwa kukumbuka mshale. Kila saa iliposoma chini ya 5:38 nililegeza hatua, nikajihesabia mshale mmoja umechomolewa. Kwihara niliikuta ikiamka. Mama mmoja aliyekuwa akifagia uwanja alinisalimu, "Mwangaluka," nikamjibu, naye akauliza kwa upole kama kuna msiba mjini. Nilipitiliza hata saa ikasema 15, nikageuka. Ilikuwa saa moja na dakika 25 tangu kuondoka, na jua lilikuwa limechomoza muda si mrefu.

Kurudi jua lilinikabili usoni, upande wa kulia. Karibu na kilomita ya 19 nilimkuta kijana juu ya baiskeli, amefunga magunia mawili ya mkaa nyuma na la tatu juu yake, akielekea sokoni. Alikanyaga bila papara, goti likipanda na kushuka kama mtu anayetwanga. Nilitazama saa: mwendo wake ulikuwa wangu, ukipungua au kuzidi sekunde mbili. Nikakaa nyuma yake.

Baada ya kitambo aligeuza shingo. "Shikamoo, mzee. Pita basi, njia ipo."

"Marahaba, kijana wangu. Tangulia tu, wewe ndiye kirangozi leo."

Akacheka. Aliniambia kwamba ametoka porini saa nane ya usiku, na kwamba anataka kufika kabla jua halijapanda. "Jua likipanda, mzee, gunia linaongezeka uzito."

Tulikwenda hivyo kilomita sita. Hakuna mwalimu wa mbio aliyenisaidia kama yeye, naye hakuwa na saa. Penye mchanga alikanyaga kwa nguvu zaidi kabla ya kuufikia, si ndani yake. Penye mteremko mdogo aliacha kukanyaga, akapumzika. Nguvu aliyotoa ilikuwa sawasawa wakati wote, ingawa kasi yake ilipanda na kushuka. Jambo hilo ndilo ambalo saa yangu haiwezi kulisema, kwa sababu huhesabu ardhi tu.

Siwezi kuiandika njia hii kama kwamba wote walioipita walichagua hatua zao. Si wote waliokuwa wapagazi wa ujira. Walikuwapo watu waliofungwa minyororo na makongwa, wanawake na watoto, waliokwenda kwa mwendo wa mtu mwingine kuelekea mahali wasipopataka, na aliyeshindwa kuufuata mwendo huo hakuwa na mahali pa kutua mzigo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na Kwihara imo. Nilipita mbele ya nyumba ile na viatu vyangu vya bei, nikiteseka kwa hiari yangu. Sidhani kwamba ni dhambi kukimbia hapo. Lakini mtu akimbiaye hapo hana ruhusa ya kuita maumivu yake utumwa, kama nisikiavyo wakimbiaji wakitania. Na mimi utani huo nimeufuta kinywani.

Kijana wa mkaa alikata kona kilomita ya 25, akaniachia njia. Kuanzia hapo nilikuwa peke yangu. Kilomita ya 26 ilikuwa 5:42, ya 27 ilikuwa 5:46. Ya 28, ya 29 na ya 30 zilikuwa 5:51, 5:53 na 5:55. Mapaja yalikuwa mazito, pumzi ilikuwa nzima. Kwa jumla nilichelewa kama dakika moja tu kuliko nilivyokusudia, na mtu asiyekimbia angesema nimefaulu.

Mimi nilikaa na kalamu. Tabora ni tambarare. Nusu ya pili ya njia ya Moshi hupanda kuelekea Mweka. Nilifikiri habari za Juma Ikangaa katika michezo ya Jumuiya ya Madola, Brisbane, mwaka 1982: yeye na Gidamis Shahanga waliongoza mbali sana mbele, kisha Rob de Castella akawafuatia kidogo kidogo, akamshinda Ikangaa kwa saa 2:09:18 dhidi ya 2:09:30. Sitamlaumu Ikangaa, muda ule ni wa ajabu, na New York aliichukua mwaka 1989. Nikafikiri pia habari za Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 2025, aliyekaa ndani ya kundi saa mbili nzima, kisha akampita Amanal Petros kwenye utepe kwa sehemu tatu za mia za sekunde moja, akaipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Mmoja alitangulia, mmoja alisubiri. Wote wawili walijua akiba yao kuliko nijuavyo yangu. Na yangu sasa ilikuwa imeandikwa mbele yangu, kilomita tano za mwisho, kwa tarakimu.

Nikafuta 5:41, nikaandika 5:48, yaani saa nne na dakika tano. Jumatatu nilimwonyesha mwenzangu wa idara karatasi hiyo. Aliisoma mara mbili, akanirudishia, akaniuliza miguu inaendeleaje, na kama nimeanza kula ugali wa kutosha.