Tuta la Jirani

Msimu wa mavuno ukifika Njombe, malori yanapakia magunia ya viazi, lumbesa juu ya lumbesa, mahindi yameanikwa kila uwanja, na parachichi zinapangwa kwenye kreti kwenda kuliwa Ulaya. Mkoa huu unalisha Dar es Salaam. Ndiyo maana takwimu za lishe za mwaka 2018 zilipotoka, wengi wetu tulihisi tumetukanwa: kati ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano, asilimia 53.6 walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 31.8. Utafiti wa mwaka 2022 ukaleta asilimia 50.4. Nusu ya watoto, katika mkoa wenye maghala yaliyojaa.

Mimi sikuhitaji kuambiwa na redio. Mtoto wangu wa mwisho ni mmoja wao, na kadi yake ya kliniki ninayo mpaka leo.

Nilikuwa mama lishe Makambako. Pale njia panda, barabara kuu ya Mbeya inapokutana na ile ya Njombe na Songea, na stesheni ya TAZARA ikiwa hapohapo, mtu mwenye sufuria na mkaa hakosi mteja. Nilipikia madereva na makuli. Mume wangu alipofariki nikapima, nikakutwa na VVU. Biashara ikafa mikononi mwangu, kodi ya chumba ikanishinda, nikarudi Njombe na wanangu kwa mama mkubwa, mdogo akiwa bado ananyonya.

Siandiki hili kwa aibu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na VVU, dhidi ya asilimia 4.4 nchi nzima. Hapa kwetu ukikaa kwenye benchi la kliniki, jirani yako wa kushoto unamjua na wa kulia unamjua.

Kwa mama mkubwa hatukulala njaa. Ugali ulikuwepo, viazi vilikuwepo. Kilichokosekana ni mboga. Alfajiri nilitoka kwenda kibarua kwenye mashamba ya viazi ya watu, narudi jua limezama, na mtoto siku nzima ameshinda na bibi yake akila viazi vya chumvi na uji wa mahindi yaliyokobolewa mpaka yakabaki meupe. Kiangazi ndiyo kibaya zaidi, kwa sababu mboga inapanda bei sokoni na mwenye kibarua ananunua kwanza sabuni na mafuta ya taa. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji mtoto akapimwa urefu. Mhudumu akaniangalia, akaangalia kadi, akapima tena.

Mama mmoja mtu mzima wa kikundi chetu cha WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, ndiye aliyenifuata nje. Nilidhani ataniletea mfuko wa msaada, na kusema kweli nilikuwa nautamani. Akanisalimia kwa salamu ya kwetu, "Kamwene, mwanangu. Jumamosi njoo na jembe."

Walikuwa na kipande cha ardhi walichoazimwa na familia moja, pembeni ya bonde. Watu wa Njombe na Iringa wanavijua vinyungu, mashamba ya bondeni yanayolimwa wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Bibi zetu waliishi kwa vinyungu. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60, na kikundi kiliamua kuiheshimu, kwa hiyo bustani yetu iko juu kidogo na maji tunapanda nayo kwa ndoo. Ni kazi. Mgongo unauma. Lakini kijito cha bondeni bado kinatiririka mwezi wa kumi, na sisi ndio wa kwanza kukihitaji.

Kila mwanachama ana matuta yake, na kila mwanachama ana tuta moja ambalo si lake. Hilo ni tuta la jirani. Mboga zake huenda kwa bibi anayelea wajukuu yatima, kwa mgonjwa asiyeweza kuinuka, kwa mjamzito ambaye mume hayupo. Majina hatuyatangazi. Mhudumu wa afya wa mtaa anatuambia nyumba ipi imekwama, na mmoja wetu anapita jioni na fungu la mboga kama jirani yeyote anavyompitia mwenzake. Nimeona misaada inayogawiwa kwa foleni na kupigwa picha, na nimewahi kusimama kwenye foleni hiyo. Nasema bila kusita kwamba njia yetu ni bora. Na yule mwenye nguvu za kushika jembe hapelekewi mboga zaidi ya msimu mmoja. Anapewa miche na tuta.

Hatutumii dawa za viwandani wala mbolea ya chumvichumvi. Wengine hudhani ni kwa kukosa hela, na hela kweli hatuna, lakini sababu kubwa ni nyingine. Viazi vyetu vinapigwa dawa kila wiki wakati wa mvua kwa sababu ya ugonjwa wa bakajani, na mimi kwenye kibarua nilibeba bomba hilo mgongoni. Kila dawa ina siku zake za kungoja kabla ya kuvuna. Sasa bustani inayochumwa leo na nyumba hii, kesho na nyumba ile, na watoto wakipita wanang'oa karoti na kula palepale, itangoja vipi? Haiwezekani. Basi tunaweka samadi ya ng'ombe na mboji tunayoilundika wenyewe kwa majani, majivu na mabua. Wadudu wakija tunanyunyizia maji ya pilipili na vitunguu swaumu, au majani ya utupa yaliyotwangwa. Na tuna pareto, ambayo nyanda zetu hizi zimeilima kwa miaka mingi na inasindikwa Mafinga, jirani tu. Maua yake yakikauka na kusagwa, unga ule unaua vidukari vizuri. Hata hivyo tunaupiga jioni nyuki wakisharudi, maana unawaua na wao.

Sakitu, baridi inayogandisha umande, ndiyo adui hasa. Mwezi wa sita na wa saba unaamka majani yote ya mnafu yamekuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Tumejifunza kufunika vitalu kwa nyasi kila jioni, na kuacha miezi ya baridi kali kwa mboga zinazovumilia: kabichi, figiri, karoti, vitunguu. Mnafu na majani ya maboga tunayapa nafasi joto likirudi. Mbegu za mnafu, figiri na maboga tunazitunza wenyewe, zinafungwa kwenye vitambaa na kuning'inizwa juu ya moshi wa jiko, kama alivyofanya mama mkubwa na mama yake kabla yake. Kwa kazi kubwa za kuchimba matuta mapya tunaita mgowe, kazi ya pamoja, kama zamani, isipokuwa badala ya ulanzi, pombe ya mianzi, tunapika uji wa dona wenye karanga, na watoto wanakunywa kwanza.

Sasa niseme kilichobadilika, na nisizidishe.

Mwanangu hakurefuka ghafla. Udumavu unajengeka ndani ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili, na kilichopotea humo hakirudi chote. Yeye bado ni mfupi kuliko wenzake darasani. Lakini homa za kila mara zimepungua, anakula mboga bila kulazimishwa, na mwalimu wake haniiti tena kuniambia anasinzia. Mimi mwenyewe namshukuru Mungu nina nguvu. Hapa nisikike vizuri: mboga si dawa. Vidonge vyangu vya ARV navimeza kila siku kwa saa ileile, na mtu yeyote anayeuza mizizi na majani akidai yanatibu virusi anaua watu. Mboga inaupa mwili pa kusimamia wakati dawa inafanya kazi yake.

Badiliko kubwa zaidi liko kwa walionifuata. Wajawazito wa mtaa wetu sasa wanapelekewa mboga kabla hawajajifungua, kabla ya kadi kuandikwa chochote. Nami ni mmoja wa wanaopita jioni na fungu. Mara ya kwanza nilipobisha hodi kwa mama kijana aliyekuwa amekaa gizani na mtoto mgongoni, sikumwambia pole. Nilimwambia aje Jumamosi na jembe.

Makambako pia nimerudi, kwa mama lishe wenzangu wa zamani. Kule mvua ni chache, upepo unakausha kila kitu, na vyumba vya kupanga havina viwanja. Tukaanza na viroba: udongo uliochanganywa na samadi, nguzo ya kokoto katikati ili maji yashuke mpaka chini, miche juu na ubavuni, na kizuizi cha mabua upande upepo unakotoka. Maji ni yale yaliyooshea mboga na mchele. Kiroba kimoja hakilishi familia, ila viroba vya nyumba tano zilizokubaliana vinatoa mboga ya jioni na ya jirani.

Chini ya mkataba wa lishe uliosainiwa mwaka 2017, kila halmashauri ilitakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Madiwani wetu wa Njombe na Makambako, naomba muulize hizo fedha zinakwenda wapi, na sehemu yake inunue mbegu, mabomba ya maji na keni za kumwagilia kwa vikundi vya mitaa. Na wewe mwenye ekari za viazi au za parachichi, ambaye pembe ya shamba lako imekaa tu na nyasi: waazime akina mama wa mtaa wako kabla kiangazi hakijaanza. Muulize mhudumu wa afya wa mtaa wako, atakuonyesha wa kuanza nao.