Kioo Kisinziacho

Mama yangu aliuza kaimati kwa zaidi ya miaka 20 katika baraza ya nyumba yetu huko Kisauni, Mombasa. Kila alasiri alitoka na sinia lililofunikwa kitambaa cheupe, akaketi juu ya kigoda chake, na jua lilipokuwa likichwa sinia lilikuwa tupu. Ada yangu ya shule ilitoka katika sinia lile, na ada ya chuo cha ualimu vile vile. Kwa hivyo naweza kusema bila ya kutia chumvi kuwa mimi ni mwalimu aliyekaangwa kwa mafuta na kuviringishwa katika shira.

Pamoja na hayo, sikujua kupika kaimati. Niliketi karibu na meko yake jioni nyingi, kitabu mapajani, nikasikia kiganja chake kikipiga unga ndani ya bakuli, wala sikuuliza hata siku moja kipimo cha kitu chochote. Nilidhani ujuzi uliomo nyumbani ni kama maji ya kisima, ambayo mtu huyakuta pale pale kila aendapo.

Sasa mama ni mzee, na kwa muda wa miaka mitatu kumbukumbu yake imekuwa ikipunguka. Daktari alitueleza kuwa maradhi haya aghalabu hula habari za jana kabla ya kula habari za zamani. Mama aweza kusahau kama amekunywa chai asubuhi, na papo hapo akakutajia majina ya watoto wote aliosoma nao chuoni. Nilipomwuliza kaimati hutiwa hamira kiasi gani, alinijibu, "Ya kutosha, mwanangu." Jibu hilo angalinipa hata alipokuwa na afya yake yote, kwa kuwa hakupata kupima kitu kwa kijiko maisha yake.

Jumamosi moja ya likizo ya Agosti aliamka mapema, akajifunga leso zake mbili, akaniuliza, "Mbona unga haujapigwa? Wateja watakuja wakute sinia kavu." Sinia lile lilikuwa limetundikwa ukutani kwa muda wa miaka minane. Nilitaka kumwambia kweli, nikashindwa. Nilisema, "Leo nitapiga mimi, mama. Wewe keti unisimamie."

Nilikuwa na simu ya mkononi, na ndani ya simu mna intaneti, na ndani ya intaneti mna mapishi ya kila taifa. Niliandika neno moja tu, na kurasa nyingi zikaja mbio. Mwandishi wa ukurasa niliouchagua alianza kwa kusimulia safari yake, kisha akasimulia watoto wake, kisha mvua, hata nikaogopa kuwa njaa itatuua kabla hatujafika kwenye unga. Mwishowe vipimo vilitokea: unga wa ngano vikombe 2, hamira kijiko 1 cha chai, sukari kidogo, chumvi chembe, na maji ya uvuguvugu kikombe 1 na robo. Nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikakunja mikono ya shati, nikaanza.

Unga wa kaimati si kama unga wa chapati, ambao ukikandwa sana huwa donge na kuuacha mkono safi. Ni mwororo, nusu yake uji, nao hung'ang'ania vidole kama ulimbo. Nilipoinua macho nipate kusoma hatua ya pili, kioo cha simu kilikuwa cheusi. Sekunde 30 zilikuwa zimepita bila ya mimi kukigusa, nacho kikahesabu kuwa nimekwenda zangu.

Nikaosha mkono, nikaufuta, nikaifungua simu, nikasoma sentensi moja iliyoniambia nipige unga kwa kiganja mpaka utoe mapovu. Nikarudi bakulini, nikapiga. Mpaka lini? Nikatazama, giza. Nikaosha tena. Mara ya tatu nilifanya uvivu wa kuosha, nikatumia kidole cha mkono wa kushoto, ambacho nacho kilikuwa kimekwisha kupakwa unga, na simu ikakataa kunijua. Alama ya kidole ile ile inayoifungua kila siku ilikuwa imezibwa kwa ngano na hamira. Nikajaribu kuandika nambari yangu ya siri kwa kifundo cha kidole, nikakosea. Nikajaribu kwa kiwiko, nikakosea zaidi. Na mwisho, nasema kwa soni, niliinama nikaanza kuzibonyeza nambari kwa ncha ya pua.

Mama akacheka. Hakuwa amecheka vile kwa miezi mingi. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la leso, akasema, "Mwalimu mzima anabusu simu!"

Unga uliofunikwa huchukua kadiri ya saa moja kuumuka, na saa hiyo niliitumia kwa kufikiri habari ya kioo kile. Pua ilifaa, kwa sababu kioo cha simu hakisikii uzito wa kidole, bali husikia mabadiliko madogo ya umeme ambayo ngozi ya mtu huyaleta inapokigusa. Ukucha mtupu haukiamshi, na tone la maji lililotapakaa juu yake huweza kukibabaisha kisijue kidole ki wapi. Ama kulala kwake kuna sababu zake, na sababu hizo si za kipuuzi. Nuru ya kioo ni miongoni mwa mambo yanayokula umeme mwingi wa betri. Tena simu ya siku hizi ni mkoba wa fedha: tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, mtu aiachaye simu yake wazi mezani ni sawa na mtu aliyeiacha pochi yake wazi sokoni. Iko na sababu kongwe zaidi. Kompyuta za zamani, zenye kioo kikubwa kama cha televisheni za wakati ule, zilikuwa zikibaki na kovu kama picha moja iliachwa juu yake siku nyingi. Kwa ajili hiyo zikatungwa picha za kuchezacheza ili kioo kisichomwe mahali pamoja. Hata vioo vya simu nyingi za leo, ambavyo kila nukta yake hutoa nuru yake yenyewe, huchakaa zaidi pale panapowaka kwa muda mrefu.

Sababu zote hizo nilizikubali, na bado nilikuwa na hasira. Chuoni mkufunzi wetu alituonya tusifute ubao kabla ya mwanafunzi mwenye mkono mzito hajamaliza kunakili. Simu yangu ilikuwa mwalimu aufutaye ubao kila nusu dakika bila ya kugeuka kulitazama darasa.

Msiba wenyewe ulikuwa katika shira. Nilitia motoni sukari kikombe 1, maji nusu kikombe na iliki iliyopondwa, na ukurasa ulikuwa umetaja dakika ambazo sikuzisoma vizuri. Zilikuwa 5 au 15? Mapovu makubwa yakaanza kupanda. Nikageukia kioo, kimelala. Mikono yangu ilikuwa bakulini tena, nikaenda kwa pua, na kwa haraka niliyokuwa nayo nilikosea nambari mara 5, na simu ikaniamuru ningoje sekunde 30. Muda huo ni kitu kidogo sana kwa mtu aliyeketi barazani, lakini mbele ya sukari inayochemka ni muda wa kutosha kuharibikiwa. Shira ilipata rangi ya asali, kisha rangi ya kahawa, kisha moshi ukajaa jikoni.

Moshi ule ulimleta binti wa dada yangu, aliye kidato cha pili. Alitazama sufuria, akatazama pua yangu yenye unga, akajizuia asicheke. "Mjomba," akasema, "mbona hukuiambia isilale?"

Nilikuwa sijui kuwa simu huambiwa. Alifungua mahali pa mipangilio, akaingia katika sehemu ya kioo, na hapo palikuwa na orodha ya muda: sekunde 15, sekunde 30, dakika 1, na kuendelea mpaka dakika 30. Alichagua dakika 10, na shida iliyonitesa asubuhi nzima ikaisha kwa miguso minne. Kisha akanionyesha jambo la pili, ambalo lilinipendeza zaidi. Juu ya ukurasa ule ule wa mapishi, chini kidogo ya hadithi ya mvua, palikuwa na kitufe kidogo ambacho ukikigusa kioo hukesha kwa muda wote ukurasa ule ulipo mbele yako. Mimi nilikuwa nimekipita nikidhani ni tangazo la biashara.

Baadaye nilisoma habari zake. Simu haijapata kulala katikati ya filamu, kwa sababu programu ya filamu huiomba ikeshe. Ukurasa wa maandishi haukuwa na ruhusa ya kuomba hivyo, na watungaji wa programu walitumia hila: walificha ndani ya ukurasa filamu ndogo isiyo na sauti, ikacheza mfululizo pasipo kuonekana, ili simu idhani kuwa pana mtazamaji. Ombi la halali la kukesha liliingia katika Chrome mwaka 2020, likafika katika Safari mwaka 2023, na katika Firefox mwaka 2024. Nalo lina adabu zake. Ukiuacha ukurasa ukaenda kusoma barua, ombi huvunjika. Na betri ikikaribia kwisha, simu ina haki ya kulikataa. Ziko pia simu zinazomtazama mwenyewe kwa kamera ya mbele, na zikiuona uso wake zikangoja.

Lakini yanipasa kuungama jambo moja. Nilipokuwa nikiilaumu simu kwa kumhesabu mtu aliyetulia kuwa hayupo, nilikumbuka mvulana mmoja wa darasa langu ambaye hainui mkono wala hafungui kinywa. Nami muhula mzima nilimhesabu kuwa amelala, mpaka siku nilipokusanya madaftari.

Shira ya pili niliitia motoni nikikitazama kioo kilichokesha, nacho kilisema dakika 10. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, sikumsikia alipoinuka. Hakuitazama simu. Aliuchukua mwiko, akachota tone, akalipoza kwa pumzi, akalibana baina ya kidole gumba na kidole cha shahada, kisha akavitenga vidole polepole. Uzi mwembamba ulitokea baina yake.

"Ipua," akasema.

Zilikuwa dakika 7.

Kisha akanisukuma kando kwa bega kama alivyokuwa akifanya zamani. Mafuta yalikuwa yamepata moto. Aliuchovya mkono katika bakuli la maji, akatia unga katika ngumi, akaibana, na donge likachomoza juu ya ngumi, mviringo kamili. Akalikata kwa kijiko, likaingia katika mafuta. Akauchovya mkono tena. Hilo la maji halikuwamo katika ukurasa wangu. Nilisimama karibu naye kwa ajili ya mafuta ya moto, na kwa mkono mmoja nikavuta daftari langu la maandalio ya masomo, nikaandika kila nilichokiona: maji kabla ya kila ngumi, moto wa kadiri, kaimati zigeuzwe bila ya kuachwa, zipate rangi pande zote. Niliandika kwa kalamu mbaya na mwandiko wa kukimbia, nami sithubutu kuwaonyesha wanafunzi wangu ukurasa ule.

Baada ya kaimati kama 20 mkono wake ulisimama hewani. Aliyatazama mafuta, akautazama mkono wenye unga, akaniuliza kwa sauti ya upole, "Hapa ni kwa nani?"

Binti wa dada yangu alipokea kijiko bila ya kuambiwa. Nilimshika mama mkono, nikamwosha kidole baada ya kidole, nikamketisha penye upepo. Nilimwambia hapa ni kwake. Aliniambia ahsante, kama mtu aambiavyo mgeni mwema. Kaimati zilizokuwamo katika mafuta wakati ule ziliiva upande mmoja zaidi ya wa pili, na zilizofuata, za mkono wangu, zilikuwa na mikia kama viluwiluwi.

Alasiri nililiangua sinia ukutani, nikalisugua, nikalitoa barazani pamoja na kigoda. Majirani wawili watatu, ambao binti yule alikuwa amekwisha kuwapelekea habari, walikuja kununua. Mama alipokea fedha zao, akazihesabu sawasawa, akamrudishia mmoja wao chenji yake bila ya kukosea hata shilingi. Watu walipopungua nilimtilia kaimati moja katika kisahani. Aliitafuna taratibu, macho yake barabarani.

"Nani amezipika hizi?" akaniuliza.

"Wewe, mama."

Alitafuna tena, akatikisa kichwa. "Mimi siwezi kuwa," akasema. "Hizi hazina tui."

Niliingia ndani nikaliandika neno hilo katika daftari.